Mgeni njoo, Kongwa ipone

Ukitaka kumbana mtu wa Kongwa, mwombe akutajie watu mashuhuri wa mji wake. Ataanza kwa kujiamini: Samora Machel. Chris Hani. Ataongeza wapiganaji wa SWAPO waliotoka pale kwenda kuanzisha vita vya Namibia, ingawa majina yao yatampiga chenga. Kisha atamtaja marehemu Job Ndugai, na hapo atanyamaza, maana ameshauona mtego. Kati ya wote aliowataja, mwenyeji ni mmoja. Wengine walikuja, wakakaa mwaka au miaka, wakaondoka kwenda kufa au kutawala kwao.

Jambo hili nimelifikiria kwa sababu ya kazi. Mhariri mmoja aliniomba makala fupi, ya zile ambazo mtu anasoma akisubiri basi: historia ya Kongwa na watu wake maarufu, maneno mia nne, picha mbili. Mimi nimekulia wilaya hii, ningeiandika kwa nusu saa. Badala yake nimekaa nayo miezi, na sasa naileta hapa, ambako wasomaji wanamvumilia mtu anayezunguka kabla ya kufika. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyepita tu mjini ni wa mji huo kwa kiasi gani? Na akishapata jina, anadaiwa nini na waliompokea?

Si swali la Kongwa peke yake. Kusini mwa Ufaransa kuna mji unaitwa Arles. Ni wa kale, una uwanja wa michezo uliojengwa na Warumi, lakini leo ukiutaja, mtu anakujibu jina moja: Van Gogh. Mchoraji huyo Mholanzi alikaa Arles miezi kama kumi na mitano, Februari 1888 hadi Mei 1889. Huko ndiko alikochora alizeti zake. (Alizeti! Kongwa tunazilima eka kwa eka, hakuna aliyetuchorea hata moja.) Machi 1889 majirani wapatao thelathini walitia sahihi barua ya kuomba aondolewe, kwamba ni mwendawazimu na ni hatari. Nyumba yake ikafungwa na polisi, yeye akarudishwa hospitali. Leo mji ule ule unauza kahawa kwa jina lake. Arles ilimkataa mgeni, kisha ikala sifa yake. Kongwa ilipokea wageni wake, na sijaona bado ilichokula.

Kwa asiyefika: ukitoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, ukishaiacha Gairo utaingia Kibaigwa, kwenye soko la mahindi na malori yake, kisha Mbande, na hapo unakata kushoto. Kongwa yenyewe ni mji mtulivu, upepo mwingi, vumbi la kutosha. Katika kamusi, kongwa ni mti wenye panda waliofungwa nao watumwa shingoni, na ni kweli misafara ilipita Ugogo. Sitaki kulijengea jina hoja. Majina ya bara ukiyafasiri kwa kamusi ya pwani unajipoteza mwenyewe. Nalitaja tu kwa kuwa kila mgeni msomi akifika hulitaja, akidhani ni wa kwanza.

Mvua ya Ugogo ni ya kubahatisha. Wagogo waliishi na ukweli huo kwa akili: uwele na mtama shambani, na ng'ombe kutawanywa kwa ndugu na marafiki wa mbali ili ukame usiwamalize wote mara moja. Hata hivyo, majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipokuwa yamekwishachukua nafaka, mifugo na vijana katika Vita Kuu ya Kwanza, njaa ya Mtunya iliwakuta mikono mitupu, ikaua watu kwa maelfu mpaka mwaka 1920. Waliokuwa watoto wakati ule walikuwa watu wazima, wana kumbukumbu zote, pale walipofika wataalamu watatu kutoka Uingereza mwaka 1946. Kiongozi wao alikuwa John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Walizunguka Afrika Mashariki na Kati kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, wakaandika kwamba karanga zitastawi.

Uingereza baada ya vita ilikuwa na njaa ya mafuta. Majarini ilikuwa kwa mgao, sabuni kwa mgao. Wazo la Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company, likaingia serikalini kama mvua ya kwanza: eka milioni 3.2 za karanga, sehemu kubwa yake Tanganyika, kwa makadirio ya pauni milioni 25. Kongwa, Urambo na Nachingwea ndizo zikateuliwa. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Yakaletwa makatapila yaliyochoka vitani. Vifaru vya Sherman vikageuzwa matrekta. Vichaka vikagoma kung'oka, mizizi ikapinda majembe ya chuma, nyuki wakawafukuza madereva, na udongo ulipokauka ukawa tofali, karanga zikabaki humo ndani. Mwaka wa kwanza walikusudia eka 150,000. Wakapanda kama 7,500. Inasimuliwa mpaka leo kwamba karanga zilizovunwa hazikufikia zile zilizonunuliwa kwa mbegu. Januari 1951 serikali ikatangaza kwamba basi, ikafuta vitabuni zaidi ya pauni milioni 36.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, na anayechekwa ni John Strachey, Waziri wa Chakula wa London. Alan Wood, mwandishi wa habari aliyefanya kazi katika idara ya habari ya mradi huo, alitoa kitabu chake mwaka 1950, kitabu cha Kiingereza kwa Waingereza waliotaka kujua pauni zao zimekwenda wapi. Miaka minne baadaye Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo, alitoa kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo, kwa Kiswahili. Viweke vitabu hivyo viwili mezani. Kimoja kinahesabu hasara, kingine kinahesabu koo. Ukimwuliza msomi wa nje kuhusu Kongwa, anakijua cha kwanza.

Nani alilipia zile karanga? Mlipakodi wa Uingereza, sawa, na vitabu vyake vinaonyesha. Lakini walikuwepo vibarua waliotoka kila upande wa nchi, waliolala kwenye mahema na kufyeka miiba kwa mshahara mdogo kiasi kwamba mgomo ulioanzia bandarini Dar es Salaam mwaka 1947 ulipanda na reli ukawafikia na wao. Walikuwepo wenye malisho ambayo katapila lilishayapitia. Katika orodha yetu ya watu mashuhuri hakuna jina la kibarua hata mmoja, na hakuna aliyewahi kuliulizia.

Mradi ulipokufa yalibaki majengo, barabara, ranchi ya ng'ombe, na ukimya. Ukimya huo ndio uliowavuta wageni waliofuata.

Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoanzishwa mwaka 1963 uliunda Kamati ya Ukombozi, makao yake Dar es Salaam. Januari 1964 jeshi la Tanganyika liliasi. Nataka msomaji aviweke vitu hivi viwili pamoja, kwa kuwa tumezoea kuusimulia ukarimu wa Nyerere kana kwamba haukuwa na hofu ndani yake. Serikali iliyotoka kutikiswa na askari wake yenyewe ilikubali, ndani ya mwaka huo huo, vijana wa nchi nyingine wakae nchini wakijifunza bunduki. Ilikuwa lazima wawe mbali na mji mkuu na mbali na mpaka. Kongwa, na majengo yake ya karanga, ilifaa. Wakaja FRELIMO, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO, ZAPU, MPLA, kila chama na upande wake wa kambi.

Samora Machel alirudi kutoka mafunzoni Algeria akapewa kambi ya FRELIMO ya Kongwa aisimamie. Baadaye FRELIMO wakawa na kambi yao kubwa Nachingwea, na angalia mchezo wa historia: nako kulikuwa shamba la karanga. Chris Hani alifika Kongwa akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu mwenye shahada, amesoma Kilatini na fasihi ya Kiingereza. Mara nyingi humfikiria huyo kuliko wengine. Mtu aliyesoma washairi wa Roma ameketi chini ya mbuyu Ugogo, siku haziishi, vita viko mbali. Maana kambi ya wapiganaji, kabla ya kuwa mahali pa ushujaa, ni mahali pa kungoja. Wengine walingoja miaka. Kundi la kwanza la SWAPO, likiongozwa na John Otto Nankudhu, liliondoka mwaka 1965, na Agosti 26, 1966 vita vya Namibia vikaanza Omugulugwombashe. Tobias Hainyeko, kamanda wao, aliuawa mwaka 1967 kwenye mto Zambezi. Mwaka huo huo Hani aliingia Rhodesia na wenzake wa ANC na ZAPU. Makaburi ya waliofia Kongwa yenyewe bado yapo.

Nchi ililipa, hilo halina ubishi. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, ikakosa mkopo wa pauni milioni 7.5. (Piga hesabu: Waingereza walipoteza kwenye karanga karibu mara tano ya fedha waliyotunyima.) Na Nyerere hakupeleka ankara kwa mtu. Viongozi wa Msumbiji, Namibia na Afrika Kusini wanapokuja Dar es Salaam au Dodoma hushukuru, na sioni sababu ya kudhani hawamaanishi.

Lakini vijana wale hawakuishi na serikali. Waliishi na watu. Walinunua maziwa, walicheza mpira, walikwenda kwenye ngoma, walipenda na wakapendwa. Watoto wakazaliwa.

Namfahamu mama mmoja, sitasema anakaa kijiji gani. Nilipomwamkia shikamoo aliniitikia, kisha akaniuliza kwa Kigogo nimetoka kwa nani, swali la kawaida kwetu, lenye maana ya ukoo gani. Nikamjibu. Akacheka, akasema, "Wewe una bahati, unajibu haraka." Baba yake alikuwa mtu wa kambini. Jina analolijua ni moja, na ni jina la kambini. Wapiganaji walitumia majina ya vita, ili adui asiwatafute ndugu zao kule kusini. Kwa hiyo jina alilopewa mama yake halikuwa uongo wa mwanaume mkorofi. Ilikuwa amri ya chama. Mtu yule akaondoka usiku kama walivyoondoka wote, na kama alikufa mtoni, au alizeeka Windhoek au Soweto, hakuna aliyekuja kusema.

"Kwenye fomu za kitambulisho wanataka jina la baba, jina la babu," aliniambia. "Nimeandika la mjomba. Mwanangu, mimi sidai hela. Wajukuu wanasoma, wanaulizwa, na wao wanaandika mjomba."

Nimewasimulia marafiki kisa hiki, na majibu yao yananipa shida kuliko kisa chenyewe. Mmoja, mwalimu, aliniambia kwamba ukarimu unaoandikwa kwenye daftari ni duka. Tanzania ilitoa, imekwisha, kuanza kudai sasa ni kujishusha. Mwingine alisema kwamba kila penye askari huzaliwa watoto wasio na baba, iwe Kongwa, iwe Ulaya baada ya vita, na kwamba tunalibebesha taifa zima jambo la watu wawili. Hoja zote mbili zina uzito. Ya pili hasa. Siwezi kumlaumu kijana wa miaka ishirini na miwili aliyejua kwamba huenda mwakani hatakuwepo, na siwezi kumlaumu binti aliyempenda.

Ninapokwama ni kwenye ile ya kwanza. Anayesema "hatudai" anasema kwa niaba ya nani? Serikali ilipoamua kuwapokea wageni, iliwapa ardhi ya Kongwa. Kongwa haikupigiwa kura. Ilipoamua kutodai, iliamua juu ya kile ilichotoa yenyewe: ardhi, ulinzi, ule mkopo uliopotea, maisha ya wanajeshi wake. Hayo ni yake kusamehe. Kilichotolewa na yule binti wa Kongwa wa mwaka 1966 hakikuwa cha serikali, na sijui ni kwa haki gani mtu mwingine anaweza kumsamehea. Mwenye haki ya kusamehe ni aliyetoa. Tena mama huyu hata hadai kulipwa. Anataka kujua, na kumjulisha mtu jina la baba yake hakumgeuzi mgeni kuwa mdeni wa duka.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunaitumia methali hii kukaribisha, tukisahau kwamba ni sharti. Mgeni anakuja na kitu cha kumponya mwenyeji: habari, dawa, hata kisingizio tu cha kuchinja kuku. Wale wa karanga walikuja kujiponya wenyewe. Wale wa kambini walikuja wagonjwa kweli, na haki ilikuwa kuwapokea bila kuuliza. Ila walipopona, miaka ya 1975, 1990, 1994, sharti liliamka, na sioni kama lilimalizika kwa hotuba za uwanja wa ndege.

Neno deni, kwa njia, lina historia yake Kongwa. Job Ndugai, yule mwenyeji mmoja kwenye orodha, alikuwa mbunge wetu tangu mwaka 2000 na Spika wa Bunge tangu 2015. Mwishoni mwa 2021 alizungumza hadharani, mbele ya Wagogo wenzake, akihoji mikopo ya taifa na nani atakuja kuilipa. Akaomba radhi hadharani, na Januari 6, 2022 akajiuzulu uspika. Alifariki Agosti 2025. Sikukubaliana naye katika mengi, na jinsi alivyoliongoza Bunge ni mjadala wa makala nyingine. Lakini swali lake lile lilikuwa swali la Kongwa kabisa: mkubwa anapoweka sahihi, anayelipa anaitwa nani? Nadhani mtu aliyekulia kwenye ardhi iliyowahi kukadiriwa kwa ndege ana sababu ya kuliuliza.

Sasa kuna juhudi za kuhifadhi maeneo ya ukombozi, Kongwa ikiwamo, na watu wanazungumzia utalii. Zipo juzuu tisa za mradi wa Hashim Mbita kuhusu mapambano ya kusini mwa Afrika, kazi kubwa, zimepewa jina la mtu aliyeiongoza Kamati ya Ukombozi tangu 1972 hadi 1994, naye aliwahi kuwa mwandishi wa habari. Bango likiwekwa Kongwa litakuwa na majina ya Samora na Hani, na iwe hivyo, walikaa pale. Mimi ningeomba kazi nyingine itangulie, ambayo haina picha nzuri. Kumbukumbu za ANC ziko Fort Hare. FRELIMO na SWAPO nao wana za kwao. Mahali fulani katika karatasi hizo jina la vita limeandikwa jirani na jina la kuzaliwa, maana chama kilihitaji kujua kinamlisha nani. Karani mmoja mvumilivu, mwenye ruhusa ya nchi mbili, angeweza kukaa na orodha ya kambini upande huu na orodha ya akina mama wa Kongwa upande ule.

Orodha ya pili haipo. Ingebidi iandikwe, na wanaoweza kuisema wanazeeka, kama wanavyozeeka waliokuwa vijana kambini mwaka 1965, ambao walio hai sasa wamepita miaka themanini na wanakumbuka nani aliitwa nani. Mama yule ana vitu viwili vya kuanzia: jina moja, na mwaka 1966. Ameniandikia vyote kwenye karatasi ya daftari la mjukuu, ninayo, na nimeshatuma barua mbili.